Redio na Televisheni Zilianzaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mazungumzo yanapogusa redio na televisheni za zamani. Yanaanzia ya msingi na kuishia ya pembeni. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya stesheni

1. Nani hasa alivumbua redio?

Inategemea unauliza kipande kipi. James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu, katika miaka ya 1860, kwamba mawimbi ya sumaku-umeme lazima yawepo. Heinrich Hertz aliyazalisha na kuyapima maabara huko Karlsruhe kati ya 1886 na 1888, wala hakuona yangemfaa nani nje ya maabara. Katikati ya miaka ya 1890, Oliver Lodge, Aleksandr Popov na Jagadish Chandra Bose, kila mmoja kwake, walionyesha hadharani kwamba mawimbi hayo yanaweza kunaswa kwa mbali bila waya.

Guglielmo Marconi alileta kitu ambacho wasomi hao hawakukikimbilia: biashara. Aliomba hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1896, akafungua kampuni mwaka uliofuata, na Desemba 1901 akatangaza kwamba amesikia herufi S huko Newfoundland, iliyorushwa kutoka Poldhu, Cornwall, ng'ambo ya Atlantiki.

Na Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme? Mashabiki wake husema Mahakama ya Juu ya Marekani ilimrudishia uvumbuzi wake mwaka 1943. Si hivyo. Mahakama ilibatilisha baadhi ya madai ya hataza moja ya Marconi kwa kuwa Lodge, Tesla na John Stone walikuwa wametangulia katika mambo hayo. Haikumtawaza mtu.

2. Simu ya upepo na redio si kitu kile kile?

Mawimbi ni yale yale, kazi ni tofauti. Simu ya upepo ya Marconi ilipeleka nukta na vistari vya Morse kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: meli na bandari, kambi na makao makuu. Kwa wenye chombo hicho, ubaya wake mkubwa ulikuwa kwamba kinavuja. Yeyote mwenye antena alisikia, hata kama ujumbe haukuwa wake.

Utangazaji ulianza pale watu walipoacha kuuona uvujaji huo kama kasoro, wakaona ndio faida yenyewe. Neno la Kiingereza lililochaguliwa kuutaja, broadcasting, lilitoka shambani, lenye maana ya kutawanya mbegu kwa mkono. Mpanzi hajui kila punje imeangukia wapi.

Kulikuwa pia na kikwazo cha ufundi. Mitambo ya mwanzo ilirusha mawimbi kwa cheche za umeme, na cheche haiwezi kubeba sauti ya mtu. Sauti inahitaji wimbi lisilokatika. Njia rahisi ya kulipata ilitokana na valvu, zile taa za kioo za ndani ya redio kuukuu: John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, Lee de Forest akaiongezea kiungo cha tatu mwaka 1906, na ikachukua miaka kadhaa zaidi kabla ya watu kugundua kwamba taa hiyo ya de Forest inaweza kukuza ishara na hata kuizalisha.

3. Ni kweli kwamba matangazo ya kwanza ya sauti yalirushwa usiku wa mkesha wa Krismasi 1906?

Ndivyo inavyosimuliwa: Reginald Fessenden, akiwa Brant Rock, Massachusetts, alipiga fidla na kusoma Biblia, na mafundi wa simu ya upepo melini wakashangaa kusikia mtu badala ya Morse. Kwamba Fessenden alikuwa amefaulu kurusha sauti wakati huo, hilo halina ubishi. Lakini habari ya usiku ule inategemea barua aliyoiandika yeye mwenyewe mwaka 1932, na waliochimba kumbukumbu za meli hawakuikuta. Mimi naiweka kwenye fungu la "huenda".

4. Basi stesheni ya kwanza ilikuwa ipi?

Hapa kila nchi huvutia kwake. Uholanzi ina Hanso Idzerda, aliyeanza kurusha muziki kutoka The Hague tarehe 6 Novemba 1919 baada ya kutangaza ratiba yake gazetini. Argentina ina kikundi cha vijana waliopanda kwenye paa la Teatro Coliseo, Buenos Aires, tarehe 27 Agosti 1920, wakarusha opera nzima. Mpaka leo wanaitwa "wendawazimu wa darini". Uingereza ina Nellie Melba, mwimbaji wa opera, aliyeimba mbele ya kipaza sauti kwenye kiwanda cha Marconi huko Chelmsford tarehe 15 Juni 1920.

Marekani ina KDKA ya Pittsburgh, iliyotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 2 Novemba 1920. Haikuwa ya kwanza kwa sauti wala kwa muziki. Umuhimu wake uko kwenye sababu ya kuanzishwa. Frank Conrad, mhandisi wa Westinghouse, alikuwa akirusha santuri kutoka gereji yake kwa kujifurahisha, na duka moja la mjini likaweka tangazo gazetini kwamba linauza vyombo vya kumsikilizia. Wakubwa wake waliposoma tangazo lile wakaelewa kwamba biashara iko kwenye kuuza vipokezi, na muziki ni chambo tu. Wakaagiza stesheni ijengwe haraka kabla ya uchaguzi.

## Redio inaingia nyumbani

5. Watu walisikilizaje redio wakati nyumba nyingi hazina umeme?

Kwa redio ya kioo cha madini. Ilikuwa na waya mrefu wa antena, waya uliozungushwa kwenye bomba, kipande cha jiwe la galena na ncha nyembamba ya waya iliyoguswa juu ya jiwe hilo. Haikuhitaji betri. Nguvu yote ilitoka kwenye wimbi lenyewe, kwa hiyo sauti ilikuwa hafifu na ilisikika kwa hedifoni tu. Msikilizaji alitafuta kwa ncha ile mahali penye uhai juu ya jiwe, na mlango ukibamizwa alianza upya.

Redio za valvu zilikuwa na sauti kubwa zaidi, lakini zilidai betri za aina mbili au tatu, moja ikiwa ya asidi iliyopaswa kubebwa kwenda kuchajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilipokuja redio za kuchomeka ukutani zenye spika ndani yake, redio iliacha kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye hedifoni, ikawa samani ya sebuleni.

6. Nani alilipia matangazo?

Kama ungetaka kuuliza swali moja tu kuhusu historia hii, uliza hili. Kwa nini redio ya nchi moja ilijaa matangazo ya sabuni na ya nyingine hotuba za maprofesa? Jibu halimo kwenye mitambo, limo kwenye mfuko.

Mwanzoni waliolipa walikuwa watengenezaji wa vipokezi, kama ilivyoelezwa katika swali la 4. Kisha wakaja wenye maduka, magazeti, vyuo na makanisa, kila mmoja na stesheni yake na sababu yake. Hesabu hiyo haikudumu, kwa sababu kipokezi hununuliwa mara moja na vipindi vinatakiwa kila siku.

Marekani ilipata jibu tarehe 28 Agosti 1922. Stesheni ya WEAF ya New York, mali ya kampuni ya simu ya AT&T, iliuza muda wake kwa kampuni iliyokuwa ikiuza nyumba za ghorofa huko Queens. Ndivyo kampuni ya simu ilivyofikiri: lipa, zungumza, kata. Wengi walichukizwa, akiwemo Herbert Hoover, waziri wa biashara. Lakini zilipoundwa NBC mwaka 1926 na CBS mwaka 1927, zikiunganisha stesheni nyingi kwa nyaya za simu, mdhamini mmoja aliweza kuifikia nchi nzima jioni moja. Makampuni ya sabuni yaligundua kwamba akina mama waliokuwa nyumbani mchana wangefuatilia hadithi isiyoisha, wakagharimia michezo ya kila siku. Ndiyo maana kwa Kiingereza tamthilia hizo ndefu zinaitwa kwa jina la sabuni hadi leo.

Uingereza ilitazama fujo ya Marekani ikaenda upande wa pili. British Broadcasting Company, iliyoanza kurusha tarehe 14 Novemba 1922, iliundwa na watengenezaji wa redio, na kila nyumba yenye kipokezi ililipa leseni ya shilingi 10 kwa mwaka. Tarehe 1 Januari 1927 ikawa shirika la umma chini ya John Reith, aliyeamini kwamba msikilizaji apewe kilicho bora kuliko anachodhani anakitaka. Jumapili za Reith zilikuwa nzito kiasi kwamba katika miaka ya 1930 Waingereza wengi walihamia Radio Luxembourg, iliyowarushia muziki na matangazo ya biashara kutoka bara.

Njia ya tatu ilikuwa serikali kulipa na kuamuru. Ujerumani ilitoa mwaka 1933 redio ya bei nafuu ya Reichsmark 76, iliyopewa namba VE301 kwa kumbukumbu ya tarehe 30 Januari, siku Hitler alipopewa ukansela. Unafuu ule haukuwa sadaka.

7. Kwa nini serikali ziliingilia ugawaji wa masafa?

Kwa sababu stesheni mbili kwenye masafa yale yale zinaharibiana, na mwanzoni zote zilirundikwa mahali pamoja. Nchini Marekani takriban kila stesheni ya burudani ilipewa wimbi lile lile, la urefu wa mita 360. Majirani walilazimika kupeana zamu, huyu saa hizi, yule saa zile, na waliogombana walirusha kwa pamoja hadi msikilizaji akaambulia miluzi. Mwaka 1926 mahakama ilipoamua kwamba Hoover hana mamlaka ya kumpangia mtu masafa, kila mwenye mtambo alihamia alikopenda. Sheria ya Redio ya 1927 ikaunda tume ya kugawa masafa, na mwaka 1934 nafasi yake ikachukuliwa na FCC, tume ya mawasiliano ya serikali.

Uingereza nako woga wa kuingiliana ulikuwa mkubwa: miezi michache baada ya Melba kuimba, matangazo ya Chelmsford yalisimamishwa kwa malalamiko kwamba yanavuruga mawasiliano muhimu.

8. Magazeti yaliipokeaje redio?

Kwa wivu. Mwanzoni BBC haikuruhusiwa kusoma habari kabla ya saa 1 jioni, ili gazeti lisipoteze wanunuzi. Marekani mwaka 1933 wenye magazeti waliyabana mashirika ya redio hadi yakakubali taarifa mbili fupi kwa siku. Makubaliano hayo hayakufika mbali, maana habari ikishavuja hewani hairudi.

9. Kwa nini stesheni za mbali husikika vizuri usiku?

Juu sana angani kuna tabaka za hewa iliyochajiwa na jua. Mchana tabaka la chini linameza masafa ya kati. Jua likizama linatoweka, na mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu, yanagonga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Edward Appleton alithibitisha kuwepo kwa "dari" hiyo mwaka 1924.

Mawimbi mafupi huenda mbali zaidi, na hapa pana kichekesho. Watawala wa mwanzo waliwapa watu wa ridhaa mawimbi ya chini ya mita 200 wakiamini hayana faida. Kufikia Novemba 1923 watu hao walikuwa wanazungumza kwa Morse kuvuka Atlantiki, kwa mitambo midogo ya nyumbani. Makampuni yakarudi mbio. Stesheni ya Philips huko Uholanzi ilianza kuwarushia Waholanzi wa Asia mwaka 1927, na BBC ilifungua idhaa yake ya himaya tarehe 19 Desemba 1932.

10. Je, mwaka 1938 Wamarekani walikimbia makwao kwa sababu ya mchezo wa redio?

Mchezo ulikuwepo: tarehe 30 Oktoba 1938 CBS ilirusha kazi ya Orson Welles kuhusu uvamizi kutoka Mirihi, iliyoigiza taarifa za habari zinazokatiza muziki. Baadhi ya watu waliogopa na kupiga simu polisi. Taharuki ya nchi nzima, hata hivyo, ilikuzwa na magazeti yaliyofurahi kuipata redio kwenye kosa (rudi swali la 8 uone kwa nini). Wengi jioni ile walikuwa wakisikiliza kipindi maarufu zaidi cha stesheni shindani.

## Picha zinafuata

11. Televisheni ni ya Baird au ya Farnsworth?

Ni za aina mbili, na kila mmoja ana yake.

John Logie Baird alitumia mashine inayozunguka. Tarehe 26 Januari 1926, kwenye chumba cha Frith Street, London, aliwaonyesha wanachama wa Royal Institution sura ya mtu ikitembea kwenye kioo kidogo, kwa mistari 30. Kiini cha mtambo wake ni diski ya Paul Nipkow, iliyoombewa hataza Ujerumani mwaka 1884: sahani yenye matundu yaliyopangwa kama konokono. Ikizunguka, kila tundu linakata mstari mmoja wa picha, na taa upande wa pili inauchora upya. Ukitaka mistari mingi unahitaji matundu mengi, kwa hiyo sahani kubwa inayozunguka kwa kasi ya kutisha. Njia ile ilikuwa na ukuta mbele yake.

Philo Farnsworth alitumia elektroni, zisizo na uzito wa kuogopesha. Tarehe 7 Septemba 1927, huko San Francisco, akiwa na miaka 21, alipitisha picha ya mstari mmoja ulionyooka bila kitu chochote kuzunguka. Vladimir Zworykin, aliyepata nguvu ya RCA, kampuni kubwa ya redio ya Marekani, nyuma yake, alitengeneza kamera iliyofanya kazi vizuri zaidi, lakini mwaka 1934 ofisi ya hataza iliamua kwamba Farnsworth alitangulia, na mwaka 1939 RCA ikakubali kumlipa. Katikati ya hao wote yumo Kenjirō Takayanagi, aliyeonyesha herufi moja ya Kijapani kwenye bomba la elektroni Desemba 1926, na ambaye ubishi wa Waingereza na Wamarekani humsahau kila mara.

12. Matangazo ya kila siku ya televisheni yalianza lini?

Berlin ilianza Machi 1935 kwa mistari 180, watu wakitazama katika kumbi za umma. Humo ndimo wengi walimoona Olimpiki ya 1936. London ilianza tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, kwa ushindani wa ajabu: wiki moja mtambo wa Baird wa mistari 240, wiki nyingine wa Marconi-EMI wa mistari 405. Mapema 1937 Baird aliondolewa. New York ilizindua yake tarehe 30 Aprili 1939, Rais Roosevelt akifungua maonyesho ya dunia.

Tarehe 1 Septemba 1939 BBC ilizima televisheni kwa ajili ya vita. Vipokezi vilikuwa kama 20,000. Husemwa kwamba katuni ya Mickey Mouse ilikatwa katikati na kuendelezwa pale pale iliporudi tarehe 7 Juni 1946. Katuni hiyo ilikwisha yote kabla ya mtambo kuzimwa, ingawa ni kweli ilirushwa tena siku ya kurudi.

13. Mbona ilienea ghafla miaka ya 1950?

Vita vilikuwa vimefunza maelfu ya mafundi wa rada, na viwanda vilitafuta kitu cha kutengeneza. Hata hivyo Marekani FCC ilisimamisha leseni mpya kuanzia Septemba 1948 hadi Aprili 1952, kwa tatizo lile lile la swali la 7. Hata kwa breki hiyo, nyumba zenye televisheni zilipanda kutoka takriban asilimia 9 mwaka 1950 hadi 87 mwaka 1960. Miji isiyo na stesheni ilijisaidia kwa antena moja juu ya mlima na waya hadi kila nyumba, na hapo ndipo televisheni ya kebo ilipozaliwa.

Japani ilipita njia yake. Seti zilikuwa ghali mno, hivyo stesheni ya NTV, iliyoanza Agosti 1953, iliweka televisheni mitaani. Umati ulijaa barabarani kumtazama mwanamieleka Rikidōzan.

14. Namba 405, 525 na 625 zilitoka wapi?

Picha hurushwa nusu kwa nusu, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, ili kioo kisipepese. Hilo linahitaji jumla ya witiri. Na kwa kuwa saketi za valvu ziligawanya kwa namba ndogo bila kuteleza, wahandisi walichagua namba zinazogawanyika hivyo: 405 ni 3×3×3×3×5, 525 ni 3×5×5×7, 625 ni 5×5×5×5. Idadi ya picha kwa sekunde ilifuata umeme wa ukutani: 25 kwenye hertzi 50, 30 kwenye hertzi 60.

15. Kwa nini rangi ilichelewa?

Haikuchelewa kubuniwa, ilichelewa kupatana na seti zilizokwisha kununuliwa. CBS ilianza kurusha rangi Juni 1951 kwa diski inayozunguka (jamaa wa Nipkow bado yupo), lakini mwenye seti ya kawaida hakuona picha ya maana, na miezi michache baadaye ikaachwa. Mfumo uliokubaliwa Desemba 1953 ulitenganisha mwanga na rangi: seti ya zamani ilichukua mwanga, mpya ikachukua vyote. Ulaya ilisubiri hadi 1967, ikarekebisha kasoro za Wamarekani, kisha ikagawanyika kati ya mfumo wa PAL wa Wajerumani na ule wa SECAM wa Wafaransa.

16. Vipindi vya mwanzo viko wapi?

Vingi havipo. Vilirushwa moja kwa moja, na njia pekee ya kuvihifadhi ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo. Ampex ilionyesha mashine ya kwanza ya kanda ya video iliyofaa stesheni mwaka 1956, lakini kanda moja ya saa nzima iligharimu takriban dola 300, kwa hiyo ilifutwa na kutumiwa tena. Nani angelipia kuhifadhi kilichokwisha kutazamwa?

## Maswali ya pembeni

17. Kwa nini televisheni za zamani za Marekani zinaanzia chaneli ya 2?

Ya 1 ilikuwepo. Mwaka 1948 FCC iliichukua ikawapa watumiaji wa redio za magari.

18. Televisheni iliiua redio?

Iliipokonya sebule. Michezo, wachekeshaji na wadhamini walihama, redio ikabaki na santuri na mtangazaji mwenye maneno mengi. Kilichoiokoa ni kutoka nje: Regency TR-1 ya Oktoba 1954, redio ya transista nne ya kutia mfukoni, iliuzwa dola 49.95, na vijana wakapata muziki ambao wazazi hawakulazimika kuusikia.

19. FM ilikuwa wapi muda wote huo?

Ilikuwepo tangu 1933, Edwin Armstrong alipopata hataza zake. Haikuwa na miluzi wala mikwaruzo ya radi, na RCA, iliyokuwa imewekeza kwenye televisheni, haikuitaka. Mwaka 1945 FCC iliihamisha FM kutoka megahertzi 42–50 hadi 88–108, na vipokezi vyote vilivyokwisha kuuzwa vikawa makopo. Armstrong alishitaki kuhusu hataza zake hadi fedha zikamwishia, akajiua mwaka 1954. Mjane wake, Marion, aliendelea na kesi moja baada ya nyingine, na ya mwisho aliishinda mwaka 1967.